UZI: Mwanafunzi wa baiolojia ya mageuko kapata nafasi ya kuwasilisha kongamanoni, tunamsaidiaje zaidi ya kumkatia tiketi?

Mnyumbuo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanikera muda mrefu na nataka tulijadili kwa kina, hasa nyie mliopo kwenye baiolojia ya mageuko, iwe unafanya jenomu, visukuku, tabia za wanyama, bakteria kwenye labu au hesabu tupu.

Kila msimu wa makongamano ukikaribia supavaiza anamtumia mwanafunzi link, anamwambia hili zuri tuma ikisiri (muhtasari mfupi wa kazi yako), mwanafunzi anatuma, inakubaliwa, anapongezwa kwenye grupu la labu kwa emoji za makofi halafu basi. Kuanzia hapo yuko peke yake na fomu ya visa, ada ya usajili, slaidi ambazo hakuna mtu kaziona, na ukumbi mkubwa wa watu ambao majina yao anayajua kwenye makala tu. Akirudi anaulizwa vipi kulikuwaje, anasema kulikuwa kuzuri, imeisha hiyo.

Ukiwauliza wakubwa wanasema sisi tunasaidia vijana sana, mbona tunalipa tiketi. Tiketi ni kitu kikubwa sikatai. Ila kwa mtazamo wangu hela inatakiwa ije KABLA ya safari sio baada, kazi inatakiwa ipigwe msasa na watu wakali kabla haijapanda jukwaani, na mkubwa mmoja anayefahamika atembee na huyo kijana ukumbini siku za mwanzo. Hilo la mwisho ndio linasahaulika kuliko yote wakati halina gharama hata kidogo, ukilikosa unaweza ukawa umemlipia mtu nauli akakae peke yake kwenye kona na simu yake.

Kwanini nakomalia watu wa mageuko. Kwa sababu fani yetu ni pana mno. Kongamano la ESEB (chama cha Ulaya cha baiolojia ya mageuko) au lile linaloitwa Evolution linakusanya mtu wa visukuku, mtu wa virusi, mtu wa ndege na mtu wa milinganyo, wote chini ya paa moja, sasa kijana aliyezoea kuongea na watu wanne wa labu yake wanaojua kila kifupisho anajikuta anaongea na ukumbi ambao nusu hawajawahi kumwona huyo mdudu wake. Na hapo hapo ndipo anapokaa mtu atakayemwajiri posdoki (mtafiti baada ya PhD) mwakani. Hakuna anayezaliwa anajua hilo, inabidi afundishwe.

Karibuni, kila mtu aseme anachofanya kwenye labu yake au alichotamani afanyiwe.

konokono_wa_pwani

Naanza na hela kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama hata kabla ya mengine.

Tatizo la misaada mingi ya safari ni kwamba unalipa mwenyewe kwanza halafu unarudishiwa baadae ukileta risiti. Tiketi, hoteli, ada ya usajili, visa, bima, vyote mfukoni kwako. Kwa profesa mwenye kadi ya benki hiyo sio shida. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa posho ya mwezi huo sio msaada, ni kumwambia akakope. Nimeona mwanafunzi mzuri kabisa akikataa nafasi ya kuongea akisingizia ratiba ya labu kumbe hana pa kupata hela ya kutanguliza, na hakutaka kusema.

Kwahiyo supavaiza kama una akaunti ya mradi, lipa wewe usajili na tiketi moja kwa moja, marejesho yaje kwako. Kama huna, andika barua pepe kwa waandaaji uwaulize kama wanaweza kusamehe ada au kukata tiketi wao, wengine wanakubali ila hawaliandiki popote, mpaka uulize. Na nyie mnaokaa kwenye kamati, tafadhali andikeni wazi kwenye tangazo kama hela inatoka kabla au baada, mtu ajue mapema.

Mnyumbuo

Umemaliza mkuu. Naongezea na visa hapo hapo. Barua ya mwaliko iombwe siku ile ile ikisiri inapotumwa, usisubiri mpaka ratiba itoke, kuna balozi foleni ya miadi tu inakula miezi. Na kamati zinazotoa majibu ya ikisiri wiki chache kabla ya kongamano zinawakata watu wengi bila hata kujua, kwa sababu wanaohitaji visa wanakuwa wameshachelewa tayari.

Posdoki_Mpole

Kwa wanafunzi mnaosoma hapa, jueni vyama vyenyewe vina mifuko, msisubiri chuo. Chama cha kuchunguza mageuko cha Marekani kinachoitwa SSE, kimeanzishwa 1946, kina misaada ya wanafunzi na kina tuzo ya W. D. Hamilton ambayo wanafunzi wanashindania kwa prezentesheni zao pale kongamanoni, wanaochaguliwa wanapewa kikao chao maalum na watu wanajaa kweli. Wenzao wa sistematiki (elimu ya kupanga viumbe kwa ukoo), SSB, wana tuzo ya Ernst Mayr. SMBE ambao ni wa molekuli wana kikao cha Walter Fitch, unaomba kwa ikisiri na ukichaguliwa unaongea mbele ya ukumbi mkubwa ukiwa bado mwanafunzi au ndio umemaliza juzi. ESEB cha Ulaya kilichoanzishwa 1987 kinafanya kongamano kila baada ya miaka miwili na kina misaada ya kuhudhuria, pia kina tuzo ya John Maynard Smith kwa vijana, anayeshinda anatoa mhadhara kongamanoni.

Jambo moja la muhimu. Mingi ya misaada hii inataka uwe mwanachama, na dedilaini ya msaada mara nyingi inatangulia au inaendana na ya ikisiri. Watu wanatuma ikisiri, wanakubaliwa, ndio wanaanza kutafuta hela, wanakuta dirisha lilifungwa zamani. Lipia uanachama wa mwanafunzi mapema, ni bei ndogo ukilinganisha na ada ya kongamano.

Alafu supavaiza mwandikieni mtu barua ya maana. Barua ya mistari minne isemayo "ni mwanafunzi mwenye bidii" haimsaidii. Sema amegundua nini, na kwanini ni yeye aongee na sio wewe.

samaki_mifupa

Naomba kuuliza wakuu, mimi ndio naanza, masters mwaka wa pili. Ikisiri yangu imekataliwa kuwa prezentesheni wamenipa bango (ile karatasi kubwa ya matokeo inayobandikwa ukutani). Supavaiza kasema kichwa cha habari ndio kibaya ila hajasema kibaya vipi. Ni "Uchunguzi wa mofolojia na anuwai ya jeni katika..." halafu jina la spishi. Mnafanyaje nyie?

Mnyumbuo

Mdogo wangu kwanza pole, na pili bango sio adhabu, tutalirudia hilo. Nakujibu kwa mfano ambao wote tunaujua ili nisiingilie kazi yako.

Chukua wale ndege walao mbegu wa kisiwa cha Daphne Major kule Galápagos, ambao wanabaiolojia Peter na Rosemary Grant walianza kuwafuatilia 1973. Mwaka 1977 mvua ikakata, mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki kubwa ngumu, ndege wengi sana wakafa na waliosalia wengi wao walikuwa na midomo minene inayoweza kuzivunja. Watoto wa hao waliosalia nao wakawa na midomo minene kuliko kizazi cha kabla ya ukame. Peter Boag alikuwa mwanafunzi wa PhD wakati huo, na makala aliyoandika na Grant kuhusu tukio hilo ikatoka 1981 kwenye jarida la Science.

Sasa tuseme Boag anatuma ikisiri leo. Anaweza kuandika "Uchunguzi wa mofolojia ya midomo katika jamii ya Geospiza fortis". Hakuna kosa hata moja hapo na hakuna mtu atakayeacha kikao kingine kuja kumsikiliza. Au anaweza kuandika "Ukame wa mwaka mmoja uliwaacha hai ndege wenye midomo minene, na watoto wao wakairithi". Umeona tofauti? Cha kwanza kinataja ulichofanya, cha pili kinataja ulichokipata. Mtu akisoma cha pili tayari ana swali kichwani, anataka kujua urithi mmeupimaje.

Na ndani ya ikisiri ni vilevile. Sentensi ya kwanza usianze na "mageuko ni mchakato muhimu", anayesoma ikisiri mia tatu kwa wiki moja anairuka hiyo. Anza na swali. Kisha kwanini spishi yako inafaa kulijibu, kisha mmefanya nini kwa sentensi moja au mbili tu, kisha matokeo yenye namba, na namba namaanisha namba kweli, sio "matokeo yatajadiliwa". Hiyo ya matokeo yatajadiliwa ndio inaua ikisiri nyingi kuliko kiingereza kibovu, kamati inahisi huna kitu bado.

Weka hapa kichwa chako kipya ukipata muda tukiangalie pamoja.

samaki_mifupa

Asante sana mwalimu, nimeelewa kabisa. Narudi nacho.

BiMaabara

Mimi nina labu ndogo na niwaambie tunachofanya, labda kitasaidia mtu. Kila anayekwenda kuwasilisha lazima apite mazoezi mawili. La kwanza ni la watu wa labu, tunamkatisha kila slaidi. La pili tunaalika watu wa NJE ya fani, ikolojia, kemia, hata hesabu, na huko haruhusiwi kukatishwa, anaongea mpaka mwisho kwa saa inayotembea mezani. Wa nje ndio wanaoibua matatizo halisi.

Tatizo namba moja la watu wetu ni mti wa filojenia, yaani mchoro wa ukoo wa spishi. Nauongelea kwa urefu kwa sababu nauona kila mwaka. Kijana kachora mti wa spishi mia mbili, majina yote yameandikwa kwa herufi ambazo hata aliyekaa mstari wa mbele hazioni, kila nodi (pale tawi linapogawanyika) ina namba ya bootstrap (kipimo cha uhakika wa tawi), halafu anasema "kama mnavyoona hapa". Hakuna anayeona. Mti ule ni wa makala, sio wa slaidi. Kwa slaidi unakunja matawi yote yasiyohusika yawe pembetatu, unabakisha matano sita yanayobeba hoja, rangi unaweka kwenye tawi MOJA unalotaka watu walitazame, unaonyesha mzizi uko upande gani na kama kuna mhimili wa muda unasema ni miaka milioni ngapi. Kisha unanyamaza kidogo waangalie. Yaani unanyamaza kweli.

Na kuna kosa la kusoma mti kama ngazi, spishi iliyochorwa juu kabisa watu wanaidhani ndio "iliyoendelea" zaidi. Matawi yanaweza kuzungushwa kwenye nodi na mti ukabaki ule ule. Kama hoja yako inategemea nani ndugu wa nani, mzungushe huyo unayemwongelea akae jirani na mwenzie ili macho yasisafiri.

Muda nao. Ukipewa dakika 12 za kuongea na 3 za maswali basi ongea 11. Kijana anayekula muda wa maswali anajinyima mwenyewe sehemu yenye faida kuliko zote.

Drifti

BiMaabara umenikosha. Sasa na mimi niseme kuhusu hayo maswali, maana kwenye mageuko maswali yanajirudia mno, unaweza kumwandaa mtu kwa karibu yote.

La kwanza, unajuaje ni uteuzi asilia na sio drifti, yaani bahati tu ya jeni kupanda na kushuka kwenye jamii ndogo? Tangu wanabaiolojia Gould na Lewontin walivyowasema 1979 wale wanaoona kila kiungo cha mwili kina kazi yake maalum, kila ukumbi una mtu mmoja wa kukuuliza hili. Kama una jaribio, data za muda mrefu au modeli ya kulinganisha, weka slaidi ya akiba baada ya ile ya shukrani.

La pili kwa wanaolinganisha spishi nyingi: umezingatia ukoo? Mwanabaiolojia Felsenstein aliandika 1985 kwamba spishi ndugu sio data huru, zimerithi pamoja, na mpaka leo kuna watu wanachora mstari kwenye grafu ya spishi hamsini kama vile kila moja imeanguka toka mbinguni peke yake. Ukiulizwa hili huna jibu, kikao kizima kinakuwa kimeshaamua.

La tatu, tofauti unayoiona ni ya kurithi au ni mazingira tu? Umewalea wote sehemu moja kwenye hali moja ukaona bado wanatofautiana? Kama hujafanya sema hujafanya. "Hilo hatujalipima, tungelipima kwa kuwalea pamoja vizazi viwili, na kwa sasa tunachoweza kudai ni hiki tu". Hilo jibu linaheshimika sana. Kinachoua ni kubabaisha.

Na mfundisheni mtu kurudia swali kwa sauti kabla ya kujibu, ukumbi unasikia na yeye anapata sekunde za kufikiri.

jicho_la_tai

Nitatofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Naona tunawadekeza. Kijana wa masters hana haja ya kupanda jukwaani kwenye kongamano la kimataifa, aanze na semina ya idara, aende na bango, akikomaa ndio aongee. Hela za safari ni chache, bora ziende kwa mwenye PhD inayokaribia kuisha ambaye anatafuta kazi mwaka huo huo. Sio kwamba siwapendi vijana, ni hesabu tu.

Mnyumbuo

Mkuu hoja yako naiheshimu na kwenye hela nakubaliana na wewe nusu, anayetafuta kazi apewe kipaumbele pale ambapo nafasi ni moja. Lakini "akikomaa" anakomaa wapi kama hapandi? Na semina ya idara unakutana na watu wale wale, wanaokujua.

Kuhusu bango usiliweke kama hatua ya chini. Kwenye prezentesheni unaongea na watu mia moja na hujui nani kaelewa. Kwenye bango unaongea na watu ishirini kwa jioni moja, kila mmoja ana maswali yake, unaona uso wake anapopotea, unabadilisha maelezo hapo hapo. Kwa kazi ambayo haijaisha bango ni BORA kabisa, watu wanakurekebisha kabla hujaandika makala. Pia kuna prezentesheni fupi za dakika tano, zinamtosha anayeanza.

Ila bango lenyewe litengenezwe kama bango. Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa PhD wa saikolojia, alitoa video 2019 akisema tuache kubandika makala nzima ukutani, katikati weka matokeo makuu kwa sentensi moja ya lugha nyepesi na herufi kubwa, pembeni maelezo mafupi, na msimbo wa QR kwa anayetaka zaidi. Sio lazima ufuate mpangilio wake wote, mimi kwa mfano napenda picha ya kiumbe chenyewe iwe kubwa kwa sababu watu wa mageuko wanavutwa na kiumbe kwanza, lakini hiyo sentensi ya katikati ni lazima. Mtu anayepita na kahawa mkononi ana sekunde chache tu za kuamua asimame au apite.

jicho_la_tai

Sawa, kwenye bango umenishawishi. Kwenye hela bado nashikilia.

Nyuki_Malkia

Naomba niingize la akina dada maana naona limesahaulika na lina data.

Kuna makala ya Schroeder na wenzake ya 2013 kwenye Journal of Evolutionary Biology, waliangalia kongamano la ESEB la 2011. Wanawake walikuwa 46% ya wawasilishaji wote, lakini kwa wale wasemaji walioalikwa kwenye simpozia walikuwa 15% tu. Na sehemu ya sababu ni kwamba wanawake walioalikwa 50% walikataa mwaliko, wanaume 26%. Hapo watu wanakimbilia kusema basi wamekataa wenyewe. Hapana. Uliza kwanini mtu anakataa. Ana mtoto mchanga na hakuna pa kumwacha, hana hela ya kusafiri na mlezi, kaalikwa amechelewa. Hayo waandaaji wanaweza kuyatatua, weka chumba cha kunyonyesha, weka mfuko wa malezi, tuma mialiko mapema, na kama wa kwanza kakataa usirudi kwenye orodha ile ile ya rafiki zako.

Kuna nyingine ya Carter na wenzake, 2018, walifuatilia semina karibu 250 kwenye nchi 10, wakakuta wanawake wanauliza maswali machache sana kuliko wanaume hata pale idadi yao ukumbini ilipokuwa karibu sawa, na swali la kwanza likiulizwa na mwanaume wanawake wanauliza machache zaidi. Kwahiyo nyie mnaoendesha vikao, swali la kwanza mpe mwanafunzi au mwanamke. Tena sema wazi, "naanza na wanafunzi". Halikugharimu chochote.

Na usalama. Kabla hujamtuma binti mdogo kwenye kongamano mwambie nani wa kumpigia kama mtu akimsumbua, kanuni za maadili ziko wapi, na kwamba hatapoteza chochote akiondoka kwenye mazungumzo yanayomkera, hata kama anayeongea ni jina kubwa. Mwambie KABLA, kwa sababu ukisubiri likitokea hatasema.

BiMaabara

Nakazia dada Nyuki, neno kwa neno. Hiyo ya swali la kwanza nimeanza kuifanya kwenye semina zetu na inabadilisha ukumbi mzima, ukimsikia mwanafunzi wa kwanza kauliza wengine nao mikono inapanda.

mbali_na_ukumbi

Mimi ni kati ya waliokosa visa. Ikisiri ilikubaliwa, prezentesheni, kila kitu, visa ikatoka baada ya kongamano kuisha. Waandaaji wakaniambia pole jaribu mwakani. Mnasaidiaje mtu kama mimi?

Mnyumbuo

Pole sana ndugu yangu, na swali lako ndio zito kuliko yote humu.

Kumbuka fani yetu yenyewe ilianza hivyo. Tarehe 1 Julai 1858 kwenye chama cha wanasayansi cha Linnean Society kule London yalisomwa maandishi ya Darwin na ya Wallace kuhusu uteuzi asilia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Darwin alikuwa kafiwa na mtoto wake siku tatu kabla. Wallace, miaka 35, hana cheo wala utajiri, alikuwa mbali huko visiwa vya kusini mashariki mwa Asia na hakujua kabisa kama kazi yake inasomwa, alikuja kujua baadae kwa barua. Vilisomwa vya Darwin kwanza, vyake mwisho. Kazi ilifika ukumbini ila mwenyewe hakuulizwa hata ingesomwaje, na hilo ndio la kukataa leo, maana barua yake ilichukua miezi na sisi tuna intaneti.

Kwa hiyo kabla hujakata tamaa waombe waandaaji vitu viwili kwa maandishi. Kwanza video yako uliyorekodi ichezwe kwenye nafasi yako ile ile kwenye ratiba, sio kwenye folda ya pembeni ambayo hakuna anayefungua, na wewe uwepo kwa simu au kompyuta wakati wa maswali. Pili, jina lako libaki kama mwasilishaji hata kama mwenzako ndio anasimama. Kongamano la Evolution la 2021 lilifanyika lote mtandaoni, kwahiyo hawawezi kusema haiwezekani, inawezekana, ni suala la kutaka. Na supavaiza aliyeko ukumbini kazi yake ni kukukusanyia majina ya waliouliza.

mbali_na_ukumbi

Hilo la jina sikulijua, walibadilisha wakaweka la mwandishi mwenza. Nimeshukuru sana mkuu.

chembe_hai

Swali dogo. Nina matokeo mazuri ila bado sijachapisha, naogopa mtu wa labu kubwa atapiga picha slaidi zangu akaenda kumaliza kazi kabla yangu. Niyafiche?

Posdoki_Mpole

Usiyafiche, ukiyaficha unabaki na prezentesheni isiyo na kitu. Ukiwa na rasimu inayosimama iweke bioRxiv (tovuti ya makala ambazo bado hazijachapishwa jaridani) kabla ya safari, ipo tangu 2013 na inaweka tarehe na jina lako hadharani. Kama rasimu bado, onyesha hoja na matokeo makuu, mfuatano wa jeni au eneo kamili unalokusanyia sampuli vibaki kwako, na kwenye slaidi weka alama ya kuomba isipigwe picha. Wengi wanaheshimu. Na ukweli ni kwamba ukumbi mzima ukishakusikia ukiongea kazi hiyo, watu mia wanajua ni yako.

konokono_wa_pwani

Halafu turudi kwenye lile la kutembea na mtu ukumbini maana mwanzisha uzi kalisema haraka. Mnalifanyaje kivitendo?

Mnyumbuo

Kabla ya safari tunakaa na ratiba, kijana anachagua watu watano anaotaka kuongea nao na anaandika kwa kila mmoja swali moja linalotokana na makala ya huyo mtu. Sio "naipenda kazi yako", swali kabisa. Wawili kati yao namwandikia mimi barua pepe wiki mbili kabla, namwambia mwanafunzi wangu atakuwepo, ana bango namba fulani jioni fulani, naomba upite. Wanapita, karibu wote, watu wazima wanapenda kuombwa kitu kidogo kilicho wazi. Tukifika siku ya kwanza mapumziko ya chai nakuwa nae, namtambulisha kwa jina na kwa MATOKEO, "huyu ndiye aliyeona kwamba..." halafu mimi naondoka. Kuondoka ni sehemu ya kazi. Ukibaki mkubwa mwenzako ataongea na wewe, kijana atakuwa anatabasamu tu pembeni.

Akirudi, ndani ya wiki moja awaandikie wote alioongea nao, mistari mitatu, akumbushe waliongea nini na aambatanishe kile alichoahidi. Halafu aje kwenye mkutano wa labu atueleze mrejesho aliopata na anabadilisha nini kwenye kazi yake.

samaki_mifupa

Wakuu nimerudi na kichwa kipya: "Samaki waliohamia maji baridi wamepoteza magamba ya mifupa kwenye maziwa matatu yasiyounganika". Naomba maoni.

Drifti

Hapo sawa kabisa! Nikisoma hiyo nakuja na swali mkononi: wamepoteza kwa jeni ile ile au kila ziwa na njia yake? Kama una jibu liweke kwenye kichwa. Kama huna, hilo ndio swali la kwanza utakaloulizwa kwenye bango lako, jiandae.

samaki_mifupa

Nina jibu kwa maziwa mawili, la tatu bado nasubiri data.

BiMaabara

Basi sema mawili, la tatu liache kwenye maelezo, mtu akiuliza utakuwa na cha kumwambia. Mdogo wangu, labu yetu ina mazoezi alhamisi kwa video, kuna nafasi moja. Tuma bango jumatano jioni, hivyo hivyo lilivyo, usianze kulipamba. Mnyumbuo na Drifti mkiweza muwepo.

Drifti

Nipo.

Mnyumbuo

Nipo pia. mbali_na_ukumbi na wewe karibu, njoo na ile prezentesheni ambayo hawakukuruhusu kuitoa, tuisikilize.